Maua Tunayoyafundisha Bila Kuyanusa

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu wa mwaka wa pili jinsi maneno yenye maana za karibu yanavyogawana uwanja mmoja. Kwa mfano nilichagua maua. Niliandika ubaoni: asumini, kilua, langilangi, waridi, afu, rehani, kadi. Sikosi kukiri kwamba niliona fahari kidogo, maana hayo si maneno yapatikanayo katika kinywa cha kila mtu huku bara. Ndipo msichana mmoja aliyeketi safu ya nyuma aliponyosha mkono na kuuliza, "Daktari, kilua kinanukiaje? Kinaishinda asumini?"

Nilimjibu kama kamusi zetu zinavyojibu: kilua ni ua dogo linukialo vizuri. "Na asumini?" Nikasema nayo ni ua dogo jeupe linukialo vizuri. Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao, lakini njiani kuelekea nyumbani kicheko hicho kilinigeuka. Neno hilo nilikuwa nimelifundisha kwa muda wa miaka kumi na mmoja. Nilijua ngeli yake, wingi wake, na jina la mti wake. Kilua chenyewe sikuwa nimekiona, sembuse kukinusa. Mimi nilizaliwa na kulelewa katika nchi ya mahindi na migomba, na Kiswahili changu cha maua nilikitoa vitabuni.

Msomaji atasema kwamba hilo ni jambo dogo. Sidhani. Yeyote aliyewahi kusahihisha insha za wanafunzi wetu anaijua ile bustani inayochanua katika kila karatasi: ndege wanaimba matawini, jua linatoa miale yake, maua ya rangi mbalimbali yanatoa harufu ya kupendeza. Ukurasa wa pili, mtahiniwa atakukumbusha kwamba hakuna waridi lisilo na miiba. Ni maua gani hayo? Yana rangi zipi? Harufu yake ni kama ya nini? Hakuna ajuaye, kwa sababu mwandishi hakuyaona. Aliyakariri, naye mwalimu wake aliyakariri kabla yake. Tumewafunza watoto kuandika kuhusu vitu kwa namna ambayo vitu vyenyewe havihitajiki.

Na pale ambapo vitu hivyo vipo, tumeviharibia jina. Katika shule nyingi za nchi hii maua hupandwa mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, huzungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na mwanafunzi hayakaribii isipokuwa kwa adhabu. Aliyechelewa atamwagilia. Aliyepiga kelele atapalilia. Kisha tunashangaa kwamba kijana amemaliza kidato cha nne akiwa na neno moja tu, maua, nalo akilitaja kwa uchungu wa mgongo.

Lugha yenyewe inatudai zaidi ya hayo. Neno bustani tuliletewa na Waajemi kupitia kwa Waarabu, na katika Kiajemi limeundwa kwa sehemu mbili: bu, yaani harufu, na stan, yaani mahali. Bustani, kwa asili yake, ni mahali pa harufu. Aliyelitunga neno hilo alitanguliza pua, macho yakafuata. Sisi tumeyatenga macho na pua kiasi kwamba bustani zetu za mijini huchaguliwa kama rangi za ukuta. Kuna pia mchezo mwingine ambao Kiswahili hutuchezea: ua la kuchanua ambalo wingi wake ni maua, na ua wa nyumba, yaani uwanja uliozungushiwa kigo, ambao wingi wake ni nyua. Wanafunzi huyachanganya mno. Dawa ya kosa hilo, kwa maoni yangu, ni kupanda ua katika ua, hapo hakuna atakayesahau ngeli.

Likizo iliyofuata niliteremka Mombasa. Katika pitapita zangu karibu na Marikiti nilimkuta mama mmoja wa makamo akiwa na sinia lililofunikwa kitambaa kilicholoweshwa maji. Nilimwamkia, akanipokea, nikamweleza kwamba natafuta kilua. Alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, kilua hakitafutwi, kilua hujileta chenyewe," akasema, na kufunua kitambaa. Alikuwa na kweli. Kabla sijaona chochote harufu ilikuwa imekwisha kufika. Ua lenyewe halina majivuno: ni la kijani kinachoelekea manjano, ambalo mtu angelipita kichakani bila kugeuka. Nikamuuliza lile swali la mwanafunzi wangu, kama kilua kinaishinda asumini. Alicheka. Akanieleza kwamba asumini ni ya jioni, huchumwa ingali tumba, ikafunguka usiku ikiwa imekwisha kutungwa. Kilua ni cha kuweka ndani ya nguo, kinazidi kunukia kikipata joto la mwili. Hivyo havishindani. Kila kimoja kina saa yake na mahali pake. Katika dakika tano mama huyo alikuwa amenipa tofauti ya maana ambayo sikuwahi kuiona katika kamusi yoyote niliyonayo.

Akanionyesha pia jinsi kikuba kinavyofungwa: majani ya mrehani, vilua, asumini, vipande vya kadi, vyote vikafungwa pamoja ili mwanamke avitie nyweleni au kifuani. Kikuba si koja, wala koja si shada. Kwetu bara yote hayo tunayaita "maua ya kuvaa", tukafunga mjadala.

Hapa sina budi kutaja jambo ambalo wanafunzi wa isimu na wa biolojia hawalisikii, na wangelisikia wangefurahi. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt, aliyefanya kazi kwa miaka mingi juu ya mimea ya Afrika Mashariki, aliutambua mkilua kuwa jenasi peke yake. Jina la kisayansi alilolichagua ni Mkilua fragrans. Sehemu ya pili ni Kilatini, yaani wenye kunukia. Sehemu ya kwanza ni Kiswahili safi, pamoja na kiambishi chake cha ngeli ya miti. Basi mtaalamu wa Japani au wa Brazili akitaka kuutaja mti huu wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania hana njia ila kutamka neno letu. Katika darasa langu la watu sitini, hakuna hata mmoja aliyejua.

Si kwamba waliotangulia walikosa kuona. Padri Charles Sacleux, Mfaransa aliyeishi katika upwa huu na kukusanya mimea yake, alitoa mwaka 1939 kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ambamo miti na majani mengi yamepewa majina yake ya kisayansi. Mtu akiisoma hujua hasa ni mmea upi unaozungumziwa. Kamusi zetu za Kiswahili kwa Kiswahili, ambazo kwa mambo mengine nazienzi, hufikia kwenye mimea zikachoka: "aina ya mti", "aina ya ua", "aina ya mmea utambaao". Aina ipi? Mwalimu wa Bungoma au wa Nyeri hana mahali pengine pa kuuliza.

Niliporudi Eldoret nilikuwa na vipandikizi vitatu vya mkilua vilivyofungwa katika gazeti bichi, mche wa asumini, na mbegu za mrehani katika bahasha. Vipandikizi vyote vitatu vilikufa kabla ya mwezi kwisha. Mji huu uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa hapa si usiku wa Mombasa. Mkilua ni mti wa joto na unyevu. Nilikuwa nimeupeleka uhamishoni bila kuuliza. Asumini ilinusurika kwa kuwa niliitia katika debe na kuliegemeza kwenye ukuta wa jikoni, ambao hupata jua asubuhi na moto wa meko jioni. Mrehani, mashallah, haukuniuliza chochote. Uliota katika mikebe ya samli kama uliotumwa.

Nafasi iliyobaki katika ua niliijaza maua ya msimu, na hapo ndipo masomo yangu yalipoanza kwa kweli. Nilinunua pakiti za mbegu zilizotoka ng'ambo, na nyuma ya pakiti ya petunia kulikuwa na maagizo: pandeni Aprili, baridi kali ikishakwisha. Nilitii kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Mbegu za petunia ni ndogo kama vumbi, na hazifukiwi kwa kuwa zinahitaji mwanga ili ziote. Huachwa juu ya udongo. Nazo mvua za Aprili za Uasin Gishu si manyunyu ya Uingereza. Alasiri moja ilinyesha mvua iliyochanganyika na mawe, ikazoa bustani yangu yote ikaipeleka kwa jirani. Mwaka uliofuata nilizisia mwishoni mwa Februari katika kitalu cha boksi, chini ya paa la varanda, nikazihamisha Aprili miche ikiwa na majani manne au matano. Hapo zikashika.

Zinia nazo zilinifunza kinyume chake. Ua hili la Mexico huota upesi, siku tano hadi saba tu, na halipendi mizizi yake kuguswaguswa, kwa hiyo ni afadhali lisiwe mahali litakapokaa. Lakini ukilipanda mwanzo wa mvua, majani yake yatafunikwa na ukungu mweupe mfano wa unga kabla halijachanua. Nilipolipanda Septemba, mvua zikipungua, nikalimwagilia chini, shinani, kwa maji yaliyotumika kuogea, lilichanua kuanzia Novemba na kuendelea hadi mwaka mpya, jekundu na la rangi ya machungwa, hata wapita njia wakawa wanasimama kwenye lango. Harufu halina. Hilo pia ni somo.

Angalia sasa jinsi jambo hili linavyogusa darasa la Kiswahili. Vitabu vyetu hufundisha kwamba mwaka una masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Masika ni mvua kubwa za Machi hadi Mei, vuli ni mvua ndogo za Oktoba hadi Disemba, na kati yao kuna baridi ya kipupwe. Haya ni majira ya pwani, yaliyopangwa na pepo za kaskazi na kusi. Mtoto wa Eldoret akitazama nje ya dirisha haoni kitu hicho. Kwetu mvua huanza karibu na Aprili na kuendelea, mara kali mara hafifu, hadi Septemba. Kile kipupwe cha kitabuni humkuta amevaa buti kwenye matope. Yeye hukariri majira manne, hupata alama, na kuamini kwamba Kiswahili ni lugha ya nchi nyingine. Mwenye bustani hawezi kudanganyika hivyo. Atauliza neno la msimu alionao, na mwalimu itambidi alitafute.

Jambo jingine ambalo pakiti za ng'ambo hazitaji ni kwamba sisi tunaishi juu ya ikweta, ambako mchana una saa kumi na mbili mwaka mzima. Maua mengi ya nchi za baridi husoma kalenda kwa kupima urefu wa usiku. Krisanthemamu husubiri usiku mrefu ndipo litoe tumba. Hapa kwetu usiku ni mrefu daima, basi lachanua lingali fupi kama mtoto aliyeolewa mapema, na hii ndiyo sababu wakulima wakubwa huliwashia taa usiku ili lirefuke kwanza. Mimi sina taa za kuwashia maua. Niliacha kulipanda.

Ama msamiati, sikujua ulivyo mwingi hadi mikono yangu ilipochafuka. Ua lisilofunguka ni tumba. Linapofunguka limechanua, na sikio la mwanaisimu haliwezi kukosa kusikia chana na chanuo ndani ya neno hilo, kana kwamba petali ni nywele zilizotoka kuchanwa. Likikosa maji linanyauka. Likikunjamana kwa uzee limesinyaa. Petali zikianguka moja moja zinapukutika. Kishikilio chake ni kikonyo. Unga ule unaobaki kwenye vidole ni chavua. Mche huchipua, tawi hupogolewa, udongo hutandazwa nyasi. Nimeyafundisha maneno haya kwa chaki kwa miaka mingi, na nimeyasahau mara nyingi. Tangu nianze kuyafanya sijalisahau hata moja.

Lakini majina ya maua yenyewe yalinitia mashaka. Dalia limeitwa kwa Anders Dahl, Mswidi aliyekuwa amekwisha kufa jina lake lilipowekwa kwenye ua hilo la Mexico. Zinia ni la Johann Gottfried Zinn, Mjerumani. Bogonvilia inayofunika nusu ya kuta za nchi hii ni ya nahodha wa Kifaransa. Hayo hayanikeri sana, kwani maua hayo yametoka mbali, na mgeni huja na jina lake. Linalonikera ni lile liitwalo Saintpaulia, ambalo hupambwa madirishani kote Ulaya na Marekani. Hilo si mgeni. Ni letu la milima ya Usambara, na ndugu yake hupatikana katika msitu wa Mbololo huko Taita. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyetawala Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona, akalipeleka kwao, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina la ofisa huyo. Mwaka 2015 wataalamu walilihamishia katika jenasi nyingine, hata hilo jina la kisayansi likashushwa daraja. Katika duka la miche mjini niliuziwa kimoja katika kikopo cha plastiki. Nilimuuliza muuzaji jina lake kwa Kiswahili. Alisema, "Hilo ni la wazungu, mwalimu."

Najua wapo watakaosema kwamba maua hayaliwi, na kwamba nchi yenye njaa haina haja ya kuzungumzia petunia. Hoja hii huletwa aghalabu na watu walioshiba. Kenya ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa waridi la kukata katika soko la Ulaya. Mashamba ya Naivasha hufunga mabomba ya waridi kwa ajili ya sikukuu za watu wengine, na maelfu ya wananchi hulipwa ujira humo. Pareto, iliyosomesha watoto wengi wa nyanda za juu, ni ua pia, ingawa hakuna aliyewahi kuniambia hivyo shuleni. Nilidhani ni zao. Na tangu nipande zinia na kosmosi kando ya maharagwe na pasheni, nyuki hawatoki katika ua wangu.

Hoja iliyo nzito kuliko hiyo ni ya wale wanaoonya kwamba si kila ua linafaa kupandwa. Hao nakubaliana nao. Gugu maji lililoziba sehemu za Ziwa Victoria tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilitoka Amerika Kusini, na lilisambazwa duniani na watu walioipenda rangi yake ya zambarau. Wavuvi wa Winam wamelipa gharama ya uzuri huo. Mwenye kupanda kitu asichokijua jina wala tabia yake hana tofauti na mimi na kilua changu cha ubaoni, isipokuwa kosa lake huota mizizi.

Ndiyo maana siwashauri walimu waanze na maua mengi. Vyama vya 4-K vimefufuliwa shuleni tangu mwaka 2021, navyo hupanda sukumawiki na vitunguu. Tuta moja katika hayo lingetosha: mrehani kwa sababu hauna makuu, waridi kwa sababu ya ile miiba ya kwenye insha, asumini kwenye debe kwa shule zilizo mahali penye joto, na ua moja la porini la mahali hapo, ambalo watoto watamuuliza bibi yao jina lake. Kila mmea uwe na kibao chenye jina la mti na jina la ua: mwasumini, asumini, mwafu, afu, mkilua, kilua. Somo zima la ngeli limesimama hapo, nalo hunukia. Na asiwepo mtoto wa kuadhibiwa kwa tuta hilo.

Yule msichana wa safu ya nyuma alihitimu, na sasa ni mwalimu katika kaunti ya Kilifi, ambako kilua hukua bila kubembelezwa. Mwaka jana alinitumia mbegu za mkilua zilizofungwa katika karatasi ya daftari. Mbili ziliota. Ninazo dirishani jikoni, ndani, mbali na baridi, na moja ina majani sita. Kila akiandika huuliza kama imechanua. Sijui kama itachanua katika mji huu, nami nimekwisha mwambia hivyo.

Mrehani, kwa upande wake, umenizidi nguvu. Mbegu za mwaka huu zimekwisha kukauka na ni nyingi kuliko mikebe niliyo nayo. Mwalimu yeyote wa hapa karibu anayezitaka na aje Jumamosi, lakini aje na bahasha yake.